Tumbusi, Bangili na Ming'oko: Mwongozo Kamili wa Kusoma Ishara katika Picha ya Njaa

Bibi yangu alipigwa picha porini, nje kidogo ya Newala, amepiga magoti kando ya shimo, mkono umezama udongoni mpaka kwenye kiwiko. Nyuma yake miti haina jani hata moja. Miguu mitupu, kanga imepauka. Baada ya kama miaka miwili picha hiyo ilirudi nyumbani ikiwa kwenye kalenda ya shirika moja, na chini yake maelezo kuhusu njaa na watu wanaochimba mizizi ya porini ili waokoe maisha yao. Bibi aliitazama, akacheka, kisha akanuna siku nzima. Alikuwa anachimba ming'oko.

Mtu wa Mtwara au Lindi hahitaji kuambiwa zaidi. Kwa wengine: ming'oko ni mizizi myembamba ya porini, huchemshwa kwa chumvi, hupangwa kwenye sinia na kuuzwa sokoni na stendi, watu wakamenya huku wanapiga soga. Na miti ilikuwa mitupu kwa sababu kilikuwa kiangazi. Miti mingi ya porini kwetu hupukutisha majani kila kiangazi, mwaka wa neema na mwaka wa dhiki.

Mpiga picha hakudanganya. Shimo lilikuwepo, miguu mitupu ilikuwepo. Kilichoharibika ni usomaji: mtu aliona vitu vitatu vya kweli akavipa maana aliyokuja nayo mfukoni. Nafundisha Kiswahili kidato cha tano na sita hapa Mtwara mjini, na tukifika kwenye mada ya taswira na ishara, naanza na kalenda ile kabla ya shairi lolote. Mwongozo huu ndio ninaowapa wanafunzi, nimeunyoosha kidogo ili umfae pia mwandishi wa habari, mpiga picha, au mtu yeyote aliyepewa kazi ya kuchambua picha ya njaa na hajui aanzie wapi.

Picha ya mazoezi na vifaa

Tutaitumia picha ambayo wengi wameiona hata kama hawaijui jina: mtoto aliyeinama na tumbusi nyuma yake. Aliipiga Kevin Carter wa Afrika Kusini, Machi 1993, huko Ayod, eneo ambalo leo ni Sudan Kusini. Gazeti la The New York Times liliichapisha tarehe 26 Machi 1993, na mwaka 1994 ikapata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari ya Marekani. Ni picha nzito. Kama unafundisha watoto wadogo, iache, tafuta nyingine.

Usiichambue kwenye simu. Simu inakuonyesha tumbusi na mtoto, basi. Vitu vidogo vinamezwa. Nenda steshenari wakuchapishie ukubwa wa A4. Kisha kata boksi upate vipande viwili vyenye umbo la herufi L; ukivipishanisha unapata dirisha unaloweza kulipanua na kulibana juu ya picha. Hicho ndicho kifaa muhimu kuliko vyote, na ni cha bure.

Hatua ya 1: Hesabu kabla hujasema

Kwa dakika kumi za mwanzo andika unachokiona tu. Usiandike huzuni, usiandike kifo, usiandike kukata tamaa. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeanza na "mtoto anayekufa". Namuuliza, "Umemwona akifa?" Anajibu, "Hapana, mwalimu." "Basi futa."

Orodha yangu mwenyewe inakuwa hivi. Mtoto mdogo, ameinama, kichwa kiko karibu na ardhi, uso hauonekani vizuri. Nyuma yake ndege mkubwa, amesimama chini, ameelekea upande wa mtoto. Ardhi kavu yenye mabua. Shanga shingoni. Kitu cheupe kama bangili mkononi. Halafu, kwenye safu ya pili, visivyokuwepo: hakuna mtu mzima, hakuna chombo cha chakula, hakuna maji.

Hiyo bangili izungushie duara. Wanafunzi wangu karibu wote huikosa mara ya kwanza, na mwishowe ndiyo inayobeba uzito wa uchambuzi mzima.

Hatua ya 2: Tenga dalili na ishara

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Moshi ni dalili ya moto, kwa sababu moto ndio unaoutoa. Bendera nusu mlingoti ni ishara ya msiba, kwa sababu watu walikubaliana hivyo. Dalili imefungwa kwenye kitu chenyewe. Ishara imefungwa kwenye makubaliano ya watu.

Picha za njaa zimejaa dalili ambazo wachambuzi wanazigeuza ishara kwa haraka. Mtoto mwenye tumbo na miguu iliyovimba huenda ana unyafuzi, ule watu wanaouita kwashakoo, ambapo mwili hujaa maji. Nywele zake zinaweza kugeuka rangi zikawa kama nyekundu nyekundu. Mwenye ukondefu yeye hukauka, akabaki ngozi na mifupa. Niliwahi kusahihisha insha iliyosema nywele nyekundu za mtoto "zinaashiria damu ya wanyonge". Sentensi tamu, lakini daktari angeisoma akashika kichwa. Kwanza sema dalili inaeleza nini kuhusu mwili, ndipo uone kama inabeba maana nyingine.

Kuna vitu vilivyo pande zote mbili, na tumbusi ni mmoja wao. Kama ishara, kazi yake ni nyepesi mno: mla mizoga anasubiri, kwa hiyo kifo kinasubiri. Kama dalili anasema jambo tofauti kabisa. Tumbusi wa aina ile hupenda kukaa karibu na makazi, penye majalala na machinjio. Kuwepo kwake kunaweza kuwa dalili kwamba watu wako jirani, sio kwamba mtoto yuko peke yake jangwani. Usichague upande mmoja. Andika zote mbili na ziache zigombane.

Tena chunguza kama kitu kilisogezwa. Mwaka 1936, wakati wa ukame mkubwa wa Marekani, Arthur Rothstein, mpiga picha wa serikali, alipiga picha fuvu la ng'ombe huko South Dakota, akalisogeza na kulipiga picha zaidi ya mahali pamoja. Ilipojulikana, magazeti yaliyoipinga serikali ya Rais Roosevelt yalipiga kelele kwamba ni udanganyifu. Fuvu lilikuwa la kweli na ukame ulikuwa wa kweli. Ila ile ardhi iliyopasuka chini ya fuvu ilichaguliwa, na mchambuzi lazima aseme hivyo.

Hatua ya 3: Cheza na fremu

Chukua vipande vyako vya boksi. Mfunike tumbusi. Unabaki na mtoto aliyeinama. Anaweza kuwa amechoka, anaumwa, anacheza na mchanga. Sasa mfunike mtoto. Unabaki na ndege kama wale unaowaona machinjioni, huna hata haja ya kusimama kumtazama. Wafunue wote wawili, mwili unasisimka.

Kwa hiyo maana haiko kwa ndege wala kwa mtoto. Iko kwenye nafasi iliyo kati yao. Nawaambia wanafunzi kwamba ishara ya picha hii si nomino, ni kihusishi: *nyuma ya*. Wanacheka, lakini mtihani ukija wanakumbuka.

Nafasi hiyo nayo inategemea mashine. Lenzi ndefu husogeza vilivyo mbali vikaonekana vimebanana. Simama ufukweni Mikindani utazame mitumbwi miwili kwa darubini: utadhani inagusana, kumbe kati yake panapita jahazi. Kila unapoandika "karibu" au "mbali" kwenye uchambuzi, kumbuka unazungumzia umbali ndani ya karatasi. Umbali wa ardhini ni suala jingine.

Halafu uliza nani yuko nje ya fremu. Katika picha ya Ayod, João Silva, mpiga picha mwenzake Carter aliyekuwa naye safarini, alisimulia kwamba ndege ya Umoja wa Mataifa ilikuwa imetua na wazazi walikuwa wamewaacha watoto kidogo ili wakachukue chakula. Ile safu yako ya "hakuna mtu mzima" irekebishe: hakuna mtu mzima *ndani ya fremu*. Maneno matatu yanabadilisha kila kitu.

Ukiweza, tafuta picha ndugu, zile zilizopigwa dakika hizo hizo. Mpiga picha wa Marekani Dorothea Lange alipompiga picha mama mmoja huko Nipomo, California, mwaka 1936, wakati wa dhiki, alipiga zaidi ya moja akizidi kusogea. Zile za mbali zinaonyesha hema na vyombo. Ile maarufu imebaki na mama, kitoto mapajani, na watoto wawili waliogeuza nyuso. Kwa kuwa nyuso za watoto hazionekani, uso wa mama unabeba mzigo wa wote. Kwenye kona palikuwa na kidole gumba kilichoshika nguzo ya hema. Lange alikifanya kififie baadaye. Hata kidole kilihesabiwa.

Hatua ya 4: Sasa ndipo usome maelezo

Si kabla. Ukisoma maelezo kwanza, macho yako yanakwenda kutafuta yaliyoandikwa, kama ilivyokuwa kwa bibi na kalenda yake.

Maelezo ya kwanza ya picha ya Ayod yalisema ni mtoto wa kike aliyeishiwa nguvu njiani akielekea kituo cha chakula. Wasomaji walipiga simu na kuandika barua kuuliza kimempata nini, na tarehe 30 Machi 1993 gazeti likaeleza kwamba mtoto alipata nguvu ya kuendelea na safari baada ya tumbusi kufukuzwa, lakini haikujulikana kama alifika. Mwaka 2011 waandishi kutoka Hispania walikwenda Ayod. Waliambiwa na familia kwamba alikuwa mvulana, alipona njaa ile, na alifariki akiwa mkubwa, kwa homa, miaka kadhaa kabla ya wao kufika.

Na ile bangili? Ilikuwa ya plastiki, ya kituo cha chakula. Waandishi hao waliisoma kuwa T3: herufi kwa mwenye utapiamlo mkali, namba kwa mpangilio wa kuandikishwa. Maana yake mtoto alikuwa ameshapokelewa. Kuna mtu alimpima, akamwandika, akamfunga bangili. Watu wamemtazama tumbusi zaidi ya miaka thelathini, na muda wote huo alama ya kwamba mtoto yule alikuwa na mahali pa kula iko kwenye mkono wake, inaonekana.

Sitaki ueleweke kwamba bangili inafuta njaa. Haifuti, watoto wengi Ayod walikufa. Lakini picha ina ishara mbili zinazovutana, ya kifo kinachosubiri na ya msaada ulioanza, na uchambuzi unaotaja moja tu ni nusu uchambuzi.

Baada ya maelezo, tafuta sababu. Usiruke sehemu hii hata kama muda umekwisha. Ayod, Waat na Kongor ziliitwa pembetatu ya njaa. Kilichoiumba pembetatu hiyo zaidi ya chochote ni vita: vita ya wenyewe kwa wenyewe iliyoanza 1983, na juu yake mapigano ya makundi ya SPLA, jeshi la waasi wa kusini, baada ya kugawanyika 1991. Watu walikimbia mashamba, mifugo ikaporwa. Sasa irudie picha: vita viko wapi? Hakuna bunduki, hakuna askari. Kuna udongo mkavu tu. Udongo mkavu unaonekana kama shahidi, kumbe unamficha mshtakiwa, maana mtazamaji anaondoka akiamini njaa ile ililetwa na jua.

Sisi wa kusini tungepaswa kuwa wa kwanza kulishtukia hilo. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Matumbi, ndani ya mkoa wa leo wa Lindi. Wajerumani waliposhindwa kuvimaliza kwa risasi, walichoma mashamba na vihenge. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 hadi 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa. Mwaka 1906, moto haujapoa, mtafiti wa Kijerumani Karl Weule alishuka Lindi na kamera yake, akapanda hadi Masasi na Newala. Fanya zoezi hili kichwani: mama aliyekonda wa mwaka 1907, amekaa mbele ya shamba lisilo na kitu, picha haina maelezo. Ungeandika nini? Ungeandika "ukame". Ningeandika hivyo hivyo.

Hatua ya 5: Ishara ya nani?

Mwaka mmoja, nikiwa nimeibandika picha ubaoni, kijana wa Mikindani alisema, "Mwalimu, amesujudu." Darasa lilinyamaza, na mimi pia. Kwa mtoto aliyekulia madrasa, kichwa kilichoelekea ardhini kina jina na kina heshima. Carter hakuwa na habari hiyo, lakini msomaji wa Mtwara ameiona, na usomaji wake ni halali mradi aueleze kuwa ni wa msomaji: "Kwa mtazamaji Mwislamu wa pwani, mkao huu unakumbusha sijida." Kosa lingekuwa kuandika "Carter amemwonyesha mtoto akisujudu." Vivyo hivyo mama wa Lange amefananishwa mara nyingi na Bikira Maria na mwanawe. Anayejua sanamu za kanisani anaiona mara moja. Asiyezijua anaona mama anayewaza chakula cha jioni.

Mfano wa jirani zaidi ni picha aliyoipiga Mike Wells huko Karamoja, Uganda, mwaka 1980: mkono wa mtoto, mwembamba mno, umelazwa kwenye kiganja kinene cha mmisionari mzungu. Mikono tu, basi. Mswahili akiona mkono anavamiwa na methali: mkono mtupu haulambwi, mtu ana mkono wa birika. Zitumie, ila kwa uangalifu, maana ukianza na methali picha itakutii hata isipotaka. Tazama kwanza kipi kimeshika na kipi kimeshikwa. Kisha uliza kwa nini msaada umepewa rangi hiyo, na kwa nini mtoto hana uso. Picha ilishinda tuzo kuu ya World Press Photo, shindano la kimataifa la picha za habari, na Wells mwenyewe aliona aibu: hakuiwasilisha yeye, na hakupenda tuzo zitolewe kwa picha za watu wanaokufa njaa.

Maandishi ndani ya picha ni ya kuchunguza kwa upole. Kwenye kalenda yetu, mkunjo wa kanga ya bibi unaacha maneno mawili tu: MGENI NJOO. Waliotengeneza kalenda waliona nguo iliyochakaa. Kila Mswahili aliyeiona alimalizia sentensi mwenyewe.

Hatua ya 6: Mrudishie mtu nafsi yake

Fupi, lakini lazima. Mama wa Nipomo alijulikana kwa jina mwaka 1978: Florence Owens Thompson, aliyekuwa na miaka 32 siku ile. Alilalamika kwamba hakupata hata senti na alitamani asingepigwa picha. Jiulize katika uchambuzi wako kama unamtaja mtu au unamtumia. Kipimo changu: badala ya "mtoto" weka jina la mdogo wako, usome tena. Sentensi utakayoona haya kuisoma, iandike upya.

Na mpiga picha? Carter alijiua Julai 1994, miezi kumi na sita baada ya kupiga picha. Wanafunzi hupenda kumalizia hapo, kama vile picha ndiyo iliyomuua. Kifo chake hakimo ndani ya fremu. Kitaje kwenye historia ya picha ukipenda, usikifanye sehemu ya ishara.

Hatua ya 7: Andika

Aya nzuri hupita njia moja: kinachoonekana, kinavyofanya kazi, kinachojulikana kutoka nje, kisha uamuzi wako. Aya dhaifu huanzia mwisho: "Tumbusi anaashiria kifo na ubepari unaoisubiri Afrika." Labda. Lakini umefikaje huko?

Hii hapa ya mwanafunzi wangu wa kidato cha sita, nimemrekebishia koma tu:

*Tumbusi amewekwa nyuma ya mtoto, na mtoto hamwoni. Sisi ndio tunaomwona. Kwa kumfanya mtazamaji ajue jambo ambalo mtoto halijui, picha inatupa wajibu tusioweza kuutimiza. Lakini mkononi mwa mtoto kuna bangili ya kituo cha chakula, ishara ndogo kwamba wajibu huo ulikuwa umeshachukuliwa na watu ambao fremu haiwaonyeshi. Naona udhaifu wa picha hii hapo: inatufanya tuamini kwamba kati ya mtoto na kifo hakuna mtu ila sisi.*

Nilimpa alama zote, na sikumbuki mara ya mwisho kufanya hivyo.

Ukimaliza, fanya zoezi la mwisho: andika maelezo mapya ya picha, mstari mmoja, yasiyozidi maneno kumi. Nilimpelekea bibi kalenda yake nikamwomba afanye hivyo kwa picha yake. Alivaa miwani, akaishika kwa mikono miwili. "Andika," akaniambia, "nachimba ming'oko ya kuuza Jumamosi. Na huyo mgeni, mjukuu wangu, nilimpa akala, akaomba na nyingine."

Maneno yamezidi kumi. Nimeyaacha.